Nyimbo Elfu Arobaini na Moja, na Ule Mmoja wa Masukulu

Nje ya laibrari ya muziki ya Jaffari, pale njia inapokata kushukia sokoni Tukuyu, kuna benchi la mbao nene lililozaliwa kuwa sanduku la mashine ya kiwanda cha chai, na ukilikalia vibaya bado linakukumbusha kwa msumari. Bati lililo juu yake linawatosha watu wanne na nusu. Wa tano hulowa bega, na Tukuyu bega halikauki upesi. Kuanzia saa nne asubuhi utamkuta Lukasi, aitwaye Boila kwa kuwa alichochea boila la kiwanda miaka ishirini na sita na mpaka leo hakuna jambo duniani asiloweza kulieleza kwa mvuke. Utamkuta Obed wa bodaboda, aitwaye Kona kwa sababu ambayo kovu la goti lake linaijua. Utamkuta na Mzee Anyelwisye, mchuuzi wa ndizi, aitwaye Mkungu, ambaye Mungu alimjalia methali nyingi akasahau kumwonyesha pa kuziweka. Kahawa ni ya Bi Mwanaheri, dada wa mke wa Jaffari, na kashata zake zimewahi kumng'oa mtu jino bila kumwomba radhi.

Alhamisi hiyo hakuna aliyekuja kwa ajili ya kahawa tu. Shingo zote zilikuwa zimegeukia mlangoni, ambako kompyuta mpya ya Jaffari, bado na nailoni yake kwenye kioo, ilikuwa inashusha nyimbo za mwisho mwisho kutoka klaudi. Jaffari mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli, nusu ndani nusu nje, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri mkewe atoke leba.

— Zimebaki ngapi, Santuri? akauliza Boila. Santuri ndilo jina la Jaffari pale kijiweni.

— Kumi na moja.

— Saa ile ulisema kumi na mbili.

— Sasa si umeona zinapungua?

— Presha ndogo hiyo. Kiwandani presha ikishuka hivyo tulikuwa tunafunga mlango tunaenda kula.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Mkungu.

— Mzee, hiyo ungeitoa kama ingekuwa inakimbia, akasema Kona. Hii inatambaa!

Habari ya kuhama yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ya zamani ilikuwa imefanya kazi miaka kumi na mitatu. Watu wa Ikuti, Nkunga, Masukulu na mitaa yote ya mjini walikuwa wamechomeka flashi zao na kuzichomoa, wengine kwa upole, wengine kama wanang'oa muhogo, mpaka matundu yote ya flashi yakalegea na kufa. Halafu mwezi uliopita diski ikaanza kukwaruza. Fundi aliitegea sikio, akatikisa kichwa, akasema: "Usiizime hii. Ukiizima hutaiamsha. Zitoe nyimbo kwa mtandao ikiwa bado ina roho." Basi Ikram, dada mwenye stesheneri ya jirani, akavuta waya wa intaneti juu ya paa, akamfungulia Jaffari klaudi, yaani stoo ya kukodi iliyo ndani ya makompyuta ya watu wa mbali, na nyimbo zikaanza kupanda. Zilipanda siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mashine ya zamani ikalia mara moja tu, ikanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo mpaka kompyuta mpya ilipofika kwa basi kutoka Mbeya, Jaffari alikuwa mwenye laibrari asiye na wimbo hata mmoja mkononi. Mkewe anasema siku hizo alikuwa anakula kama mgonjwa.

— Tatu! akaita Kona, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Mbili! Jamani, moja!

Mstari wa kijani ukajaa. Jaffari akasimama. Akachukua kipande cha boksi ambacho alikuwa amekitundika kwenye msumari, na juu yake, kwa kalamu ya wino, kulikuwa na hesabu aliyoinakili siku ya kwanza ya kupandisha: 41,318. Akaweka miwani. Akasoma boksi, akasoma kioo. Akasoma boksi tena.

— Arobaini na moja elfu, mia tatu na kumi na nane, akasema taratibu. Alhamdulillahi. Hata mmoja haujapotea.

Benchi likapiga kelele hadi kuku wa jirani akakimbia. Boila akamkumbatia Jaffari, Kona akapiga honi ya pikipiki iliyokuwa imeegeshwa, na Bi Mwanaheri akamimina kahawa duru nzima bila kuombwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu azaliwe mjukuu wake.

— Kunywa, shemeji, akasema. Rangi imekurudi. Nilishaanza kufikiri dada yangu atarudi kwetu na mabegi.

Jaffari akanywa. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima aliisikia kahawa ina ladha. Kaswida za madrasa zilikuwa zimefika, kwaya zilikuwa zimefika, harusi, maulidi, ngoma za mavuno, hata wimbo wa mlevi mmoja wa Nkunga aliyejirekodi akimsifia ng'ombe wake. Vyote vilikuwa vimekwenda ng'ambo na kurudi salama.

Furaha hiyo ilidumu kikombe kimoja. Cha pili kilipomiminwa, alikuwa amekumbuka Masukulu.

— Ngojeni niutoe ule wa Mzee Ambindwile kabla watu wake hawajafika, akasema, akarudi kwenye kompyuta.

Kila mtu pale benchini alijua ni wimbo gani. Mzee Ambindwile alikuwa amefundisha kwaya Masukulu miaka thelathini, akafariki mwaka jana. Jumamosi, kesho kutwa, ukoo na kwaya nzima wangekusanyika kuweka jiwe juu ya kaburi lake na kuimba wimbo wake wa mwisho, aliotunga mwenyewe na hakuuandika popote. Wanakwaya waliukumbuka ubeti wa kwanza na wa pili. Ubeti wa tatu kila mmoja alikuwa na wake, na tayari soprano na besi walikuwa hawasalimiani kwa sababu hiyo. Duniani pote wimbo mzima ulikuwa mahali pamoja tu: kwenye rekodi moja ya simu, ambayo Atupele, mke wa mtoto wake Abrahamu, aliileta kwa Jaffari miaka kumi na moja iliyopita ili aihifadhi. Wiki mbili zilizopita Abrahamu alipiga simu kuuliza, "Wimbo wa baba bado upo?" Jaffari, nyimbo zikiwa nusu juu nusu chini, alijibu, "Upo. Nyinyi leteni flashi tu."

Akaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia: Ambindwile. Akabonyeza.

Hakuna.

Akaandika kwa herufi ndogo. Akaandika Mwalimu Ambindwile. Akaandika Mzee. Akaandika Kwaya Masukulu, zikaja mia mbili na kumi na mbili. Akaanza kuzifungua moja moja, kila moja sekunde kumi, saa nzima ikapita, kahawa ikapoa, na hakuna hata moja iliyokuwa yenyewe. Jasho likamtoka mgongoni, na nje mvua ilikuwa inanyesha ile ya baridi.

— Haupo, akasema.

— Si hesabu imetimia? akasema Boila.

— Imetimia. Ila haupo.

— Zamani ulikuwa unautafutaje?

Hapo ndipo Jaffari alipowaeleza kitu ambacho hata mwenyewe hakuwa amekifikiria mpaka dakika ile. Kwenye kompyuta ya zamani hakuwa anatafuta wimbo kwa jina. Nyimbo zilikaa zote kwenye folda moja, zimepangwa kwa siku zilizoingia, ya kwanza juu, ya jana chini. Ukimwomba kaswida ya maulidi ya kina Uwesu, alishuka mpaka mwaka ule mvua ya mawe ilipoiangusha migomba ya Ikuti, akateremka kidogo, akaikuta. Wimbo wa Ambindwile ulikuwa chini tu ya harusi ya Felista wa Nkunga. Jina lake hakulijali. Mtu haiti mlango wa nyumba yake kwa jina.

— Sasa tazameni hapa, akasema, akionyesha kioo kwa kidole. Zilipopita klaudi zikashuka upya, kompyuta imezipa zote tarehe ya kushuka. Ya miaka kumi na mitatu na ya mwezi jana, zote zimezaliwa wiki hii. Harusi ya Felista yenyewe sijui iko wapi.

— Ikram anasemaje?

— Ikram yuko Mbeya kafuata karatasi. Simu haipatikani.

Vikombe vikawekwa chini.

— Mimi nawaambia, akaanza Kona, akisogea mbele. Kule klaudi kuna majamaa kazi yao ni kusikiliza tu. Wanakaa na hedifoni, mzee, wanapitia moja moja. Wakikutana na ngoma kali, wanaibania.

— Na hesabu je? Mbona imetimia?

— Wanachomekea nyingine ya ovyo. Santuri kahesabu vichwa, sura hajazitazama!

— Huelewi kitu, akasema Boila. Hili ni jambo la mvuke. Nyimbo zinapanda kama mvuke, sawa? Wimbo wa harusi ni mwepesi, unapanda, unashuka. Sasa Mzee Ambindwile alikuwa na sauti gani?

— Besi.

— Besi nzito! Mvuke mzito ukifika kwenye kona ya bomba unageuka maji, unatulia hapo hapo. Wimbo umekwama kwenye waya, pale unapopinda juu ya paa la Ikram. Kiwandani tulikuwa tunapiga bomba kwa nyundo.

— Damu ni nzito kuliko maji, akaunga mkono Mkungu.

— Tena Boila na wewe mko pamoja, akasema Bi Mwanaheri. Mungu awasaidie.

Lakini Kona alikuwa kijana wa vitendo. Kabla mtu hajamzuia alikuwa amepanda juu ya kiti cha pikipiki yake, ameushika waya, ameutikisa mara tatu kwa nguvu. Kilichoshuka hakikuwa wimbo. Yalikuwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye bati, na yote yalimwingia Mkungu shingoni.

— Gwe! Mkungu akaruka. Kyala wangu! Mungu wangu!

— Samahani, mzee! Nilikuwa nalegeza besi.

Hata Jaffari alicheka, ingawa hakutaka. Mkungu akajifuta kwa kofia, akaketi tena kwa hasira, na hasira ikamletea nadharia.

— Nyinyi watoto hamna akili. Nyimbo zimekaa kule siku ngapi?

— Tangu wa kwanza upande, mwezi kasoro.

— Haya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zimelimishwa! Mwezi mzima mtu akulishe bure? Zimepelekwa shamba, nyingine zimerudi, huo mmoja bado uko kwenye matuta.

— Mzee, umeona wapi wimbo unalima?

— Kwani wewe kwenu Ikuti mnalima kimya kimya?

Kona akarudi kuketi benchini.

— Ngojeni, akasema Kona, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mnajua mimi naona nini? Labda ule wimbo haukuibiwa wala haukukwama. Mzee Ambindwile alipokwenda mwaka jana, ulikwenda naye siku ile ile. Nyimbo za namna hiyo hazibaki nyuma. Santuri hakugundua tu kwa kuwa hakuna aliyeuomba.

Boila alitazama ndani ya kikombe chake. Bi Mwanaheri akaweka birika chini kwa kishindo.

— Obed, kahawa yangu si ya kunywea maneno kama hayo. Mtu ana kazi yake, ana ahadi yake, wewe unamzikia wimbo mbele ya macho yake.

— Samahani, shangazi. Nilikuwa nawaza tu.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia Jaffari. Alirudi ndani, akakaa mbele ya kile kioo kipya, na akaona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu akiwa kijana. Kwa miaka yote hiyo watu walimletea sauti za watu wao. Mwingine alileta ya mama yake, mwingine ya mtoto aliyefariki mdogo, wakasema, "Tunzia hapa, simu yangu inajaa." Hawakuwa na karatasi wala risiti, walimwamini tu. Na kumbe alichokuwa amekitunza kilikaa kichwani mwake kuliko kwenye mashine, na alipohama, kichwa hakikuhama na vitu vyake. Akaona jinsi Jumamosi itakavyokuwa: watu wamesimama kuzunguka jiwe, ubeti wa pili unaisha, kisha kila mtu anatazama chini.

— Kamba hukatikia pembamba, akasema Mkungu kule nje.

— Hiyo, mzee, umeipatia, akasema Boila kwa mshangao.

— Basi nimekosea, akasema Mkungu. Sikukusudia.

Kisha Kona akapiga mluzi mdogo.

— Santuri. Anakuja.

— Nani?

— Mke wa Abrahamu. Yule pale, mwenye mwavuli wa njano. Nilimshusha sokoni asubuhi, akaniambia atapitia kwako kuchukua wimbo.

Benchi likaingiwa na wasiwasi. Atupele alikuwa anapandisha njia polepole, anaruka madimbwi, mkono mmoja mwavuli, mwingine umeshika kitambaa kilichofungwa fundo.

— Mwambie umeme umekatika, akanong'ona Boila.

— Taa inawaka, wewe!

— Mwambie virusi. Virusi hakuna anayebisha.

— Mdanganye tu, akasema Mkungu kwa busara nyingi. Njia ya mwongo ni fupi. Utafika mapema.

— Simdanganyi, akasema Jaffari. Akatoka, akasimama kando ya benchi na mikono yake mitupu.

Atupele akafunga mwavuli, akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima.

— Shikamooni. Shikamoo, tata, akamwambia Mkungu, akimwita baba kwa namna ya kwao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na umri wa baba yake.

— Marahaba, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana.

— Mbona mmenyamaza hivyo? Nimewasikia tangu kule chini mnapiga kelele.

— Mama Hellen, kaa kwanza, Jaffari akamwambia Atupele.

— Sikai, kaka, nimeacha mahindi motoni kwa jirani. Flashi hii hapa. Akaanza kufungua fundo la kitambaa. Kwaya yote inanisubiri mimi. Leo jioni wanafanya mazoezi ya mwisho, na yule mwalimu mpya kasema bila ule ubeti hawaimbi kitu, watasoma Zaburi tu.

— Mama Hellen. Wimbo siuoni.

Mikono yake ikasimama kwenye fundo.

— Huuoni vipi?

Jaffari akamweleza yote, bila kujitetea: diski iliyokwaruza, klaudi, hesabu iliyotimia, tarehe zilizofutika. Akamwambia ametafuta tangu asubuhi. Akamwambia kosa ni lake. Atupele alisikiliza huku ameinamisha kichwa, na alipomaliza hakulia wala hakugomba. Aliuliza kitu kidogo tu.

— Umeutafuta kwa jina gani?

— La marehemu. La mkweo.

— Lenyewe lenyewe?

— Ambindwile, ndiyo. Kwa herufi kubwa na ndogo.

Atupele akaweka kiganja mdomoni, akatazama pembeni, na kwa muda Jaffari alidhani sasa ndiyo analia. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

— Kaka Jaffari. Aliyekuletea ule wimbo ni nani?

— Ni wewe.

— Na wewe ukaniuliza uandike jina gani. Sasa mimi jina hilo ningelitamkaje mbele yako?

Kwa Wanyakyusa wa kizamani mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, na akimwona njiani anampisha mbali. Siku hizi wengi wamelegeza na wengine wameacha kabisa, lakini nyumba ya Ambindwile ilikuwa ya taratibu za zamani mpaka mwisho, na pale benchini hakuna asiyejua. Boila alikuwa ametoa hotuba nzima juu ya mila hiyo Jumanne iliyopita. Kona mama yake alikuwa akimwita babu yake "mwenye fimbo" tu. Na Mkungu mwenyewe, mwenye wake wa watoto wanne ambao kwa miaka yote humwita "yule wa ndizi", alikuwa ameanza kuvikagua viatu vyake kana kwamba amevikuta njiani.

— Mwe, akasema Mkungu hatimaye, kwa sauti ndogo. Tumezeeka bure.

— Wanaume wanne, akasema Bi Mwanaheri. Na waya mmejitikisia.

— Ulisema niandike nini? akauliza Jaffari. Nakumbuka ulitazama kalenda ukutani muda mrefu. Mimi nikaandika ulivyosema, sikuuliza.

— Nilisema andika: Yule wa sebuleni.

Jaffari akaingia ndani kwa hatua mbili. Wote wakamfuata na kujazana mlangoni, Mkungu akidondosha maji. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Akabonyeza.

Ukaja mmoja. Mmoja tu, peke yake katikati ya kioo cheupe: Yule wa sebuleni.

— Bonyeza, mzee, akasema Kona.

Kwanza ilisikika mvua juu ya bati, kisha mfuniko wa sufuria, kisha kuni zikipasuka. Atupele akaeleza polepole kwamba yeye alikuwa jikoni. Mzee alikuwa sebuleni anautunga ule wimbo, anaurudia rudia, na yeye asingeweza kuingia mle, ndipo akaiweka simu kwenye upenyo wa ukuta, juu ya kopo la chumvi. Na sasa, kwa mbali kidogo, kutoka upande wa pili wa ule ukuta, ikaja sauti. Ilikuwa besi kweli. Haikuwa na haraka. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na wa tatu ulipoingia Atupele alianza kusogeza midomo bila sauti, neno kwa neno.

Jaffari alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakujali nani anamwona. Boila alikuwa anapenga kamasi kwenye leso na kusema ni mvuke.

Wimbo uliisha, lakini rekodi haikuisha. Ikasikika kiti kikisogezwa, kikohozi, halafu mzee akasema, si kwa mtu yeyote, akiuambia ukuta tu:

"Huyo aliye jikoni, ubeti wa tatu ameushika?"

Baada ya hapo mvua tu. Mfuniko wa sufuria ukaanguka. Rekodi ikakatika.

— Alikuwa anajua, akasema Kona.

— Alikuwa anajua, akasema Atupele. Nami nilikuwa siwezi kumjibu. Nilikaa pale nimeshika mfuniko.

Jaffari akachomeka flashi kwenye tundu jipya, ambalo lilikuwa bado gumu na halijazoea watu, akaunakili wimbo, akahakikisha mara mbili kwamba umeingia. Kisha akauliza kama angependa aubadilishe jina sasa, aandike jina la mzee lenyewe, ili usipotee tena.

— Ukibadilisha, kaka, siku nyingine nitauombaje?

Jaffari akaondoa mkono kwenye kibodi. Akachukua kalamu ya wino, na chini ya ile 41,318 kwenye kipande cha boksi akaandika Yule wa sebuleni, akakirudisha kwenye msumari.

Mkungu alinyoosha kikombe. Bi Mwanaheri akainamisha birika, likatoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, akasema.

Mkungu akafungua mdomo kutoa methali, akaitafuta, akauacha mdomo wazi hivyo hivyo.

— Urudishe mwanzo, Santuri, akasema Boila. Mara moja tu, kabla hajaondoka.

— Mahindi yangu, akasema Atupele. Lakini hakuondoka.

Jaffari akaurudisha. Mvua, mfuniko, kuni. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiti kikasogea, mzee akakohoa, akauliza swali lake. Na kabla mfuniko haujaanguka, Atupele akaisogelea spika, akapiga goti, akainamisha uso.

— Nimeushika, tata.